Vioo Vitatu vya Eeddo Habiba

Ifrah, aabo,

Mama yako amekwisha kukuandikia karatasi nzima ya maagizo: soksi nzito, dawa ya kifua, namba ya yule binti wa Wajir atakayekupokea kule Uturuki, na duka la nyama ya halali lililo karibu na bweni. Sina la kuongeza hapo, na hata ningeongeza angelifuta. Mimi nina jambo langu moja tu, na nimelianza mara nne tangu asubuhi. Barua ya kwanza niliichana kwa sababu nilisikika kama mwalimu mkuu siku ya kufunga shule. Ya pili ilikuwa ya uongo. Ya tatu ilianza vizuri, halafu ikageuka kusifu bidii yako, nikajua nakimbia. Hii ni ya nne.

Naandikia hapa maabara. Leo nilikuwa na ruhusa ya kukaa nyumbani nikuage kama watu wengine wanavyoaga watoto wao, lakini kukaa kumenishinda. Nimepima sanduku lako mara tatu. Nimekaza nati za kitanda ambacho kuanzia kesho hakina wa kukilalia. Nimemuuliza mama yako kama basi la Nairobi linaondoka saa kumi na moja au saa kumi na mbili, nikamuuliza tena, mpaka akaniambia, "Dahir, nenda kazini, unatutia kizunguzungu." Nikapanda tuktuk pale Iftin nikaja. Mwende, mwenzangu hapa kwenye benchi, aliponiona mlangoni alisema huyu mzee kazi imemroga. Nimempa kahawa anyamaze.

Huenda ukauliza kwa nini nakuandikia Kiswahili, wakati nyumbani hatukitumii ila mgeni akija. Kwa Kisomali najua kubembeleza na najua kugombana, na nikikushika kwa Kisomali nitabembeleza. Kiswahili ndiyo lugha ninayowapa watu majibu yao hapa dirishani, miaka ishirini na zaidi sasa. Nimezoea kusema nayo mambo yalivyo. Hilo neno la aabo tu ndilo limenishinda kulitafsiri. Mwende hajawahi kulizoea. Huniuliza baba gani anamwita binti yake baba. Nilimwambia ndivyo tulivyo, mzazi humwita mtoto kwa jina lile lile ambalo mtoto humwita yeye. Akasema basi mkigombana hamjui nani anatukanwa.

Jambo lenyewe ni ile insha yako ya kuombea chuo. Ulitusomea sebuleni, jamaa wamejaa kwenye mikeka, adeer zako wawili, ndugu zangu, wameacha hata chai. Uliandika kwamba ukiwa na miaka kumi ulimwona baba yako akibeba hadubini mpaka Sangailu, akamchoma shangazi yako kidole, akainama, akaona kilichokuwa kikimmaliza. Uliandika kwamba siku ile ndipo ulipotaka kujua kitu kidogo vile kinaogeleaje. Watu wakasema mashallah. Shangazi mwenyewe, Eeddo Habiba, alikuwa amekaa karibu na mlango, birika mkononi, akawa anamimina chai kwenye kikombe kilichokwisha kujaa. Mimi nikatoka nje kuangalia kama tangi lina maji. Tangi lilikuwa linafurika.

Kila ulichoandika ni kweli. Tatizo ni kwamba hadithi yako inaanzia katikati, na aliyekata mwanzo wake ni mimi.

Acha nipitie kwanza unachokijua, maana hapo mguu wangu unapata pa kukanyaga. Tulikwenda na Land Cruiser ya mizigo, hadubini imefungwa blanketi, umeipakata njia nzima. Ilikuwa ile ya zamani, isiyo na taa, inayotumia kioo cha chini kukamata jua. Dada yangu Habiba alikuwa amelala kwenye mkeka nyumbani kwa mama mkwe wake, mwili unawaka. Niliweka hadubini juu ya sanduku barazani, nikageuza kile kioo mpaka jua likaingia, nikaweka tone la damu yake mbichi, bila rangi. Mwanzoni niliona chembe nyekundu tu. Halafu moja ikatikisika. Nyingine ikasukumwa pembeni. Unajua mbuzi wakiwa wamesongamana zizini, ukaona wanapisha, ukajua kuna kitu kinapita kati yao kabla hujakiona. Ndivyo ilivyokuwa. Kisha nikamwona mwenyewe: uzi mwembamba uliojisokota kama springi, mrefu kuliko chembe zilizomzunguka, anapenya huku anajizungusha.

Nikakuita. Ulipanda juu ya mtungi wa maji, ukafumba jicho moja kwa mkono. Ulitazama muda mrefu, halafu ukauliza, "Aabo, kinaendaje na hakina miguu?"

Nikakujibu kwamba kinaogelea kama samaki. Ukarudi kuangalia, ukasema samaki anapiga mkia na hiki hakipigi kitu. Nikakuambia ushuke, nina kazi. Hilo nalo naliomba radhi, maana wewe ndiye uliyekuwa unaona na mimi ndiye niliyekuwa nasema tu.

Ilikuwa homa ya papasi. Papasi hujificha kwenye nyufa za kuta kuukuu, humuuma mtu usingizini, na kabla hajaamka wamesharudi ukutani. Dawa yake ni ya kawaida, haikosi hata duka la dawa la mtaani kwetu. Siku ya tatu Habiba aliomba chai yenye sukari nyingi, na insha yako ikaishia hapo.

Mwende ameniletea sampuli nne. Nimezifanya zote, mbili nimezirudia bila sababu, nimenawa mikono, nimekaa tena. Samahani kwa alama ya rangi hapo juu.

Ulipofika kidato cha pili ulirudi likizo na jibu la swali lako, na kwa ajili yake ukaharibu asali ya mama yako, ile ya Kitui aliyokuwa ameificha nyuma ya unga. Nakumbuka yote. Ulikata vipande viwili vya plastiki ukaviunganisha kama mlango na fremu yake, ukavizamisha kwenye chupa, ukawa unafungua na kufunga kwa uzi. Kikienda mbele kidogo kikifunga, kikirudi nyuma kiasi kile kile kikifungua. Nikakuambia hujui, funga haraka, fungua pole pole. Tukajaribu haraka, tukajaribu pole pole, jasho likanitoka kama nachimba kisima, na kila mara kile kimlango kilirudi palepale kilipoanzia. Kwenye ndoo ya maji kiliruka vizuri tu kila ulipokifunga kwa nguvu. Kwenye asali, haraka yangu haikusaidia kitu.

Kisha ukatoa ule waya uliousokota kwenye penseli, umeufunga raba bendi iliyopindwa mpaka ikakaza. Ulipoachia, waya ukaanza kuzunguka, na ukaenda. Pole pole, lakini ukaenda, na haukurudi. Mama yako alikuwa amesimama nyuma yetu na mwiko, ameghadhibika, na hata yeye alitazama mpaka mwisho.

Ukanieleza, na ulinieleza kwa subira ambayo mimi sikukuonyesha Sangailu. Ulisema kwa kiumbe mdogo vile, hata maji ya kawaida, hata damu, ni mazito kama ile asali. Udogo wake ndio unaoyafanya yawe mazito. Samaki akiacha kupiga mkia huendelea kuteleza kidogo, na ng'ombe aliyekimbia hasimami ghafla, lakini huyu akiacha kusukuma amesimama hapo hapo, hana kuteleza hata chembe. Na akifanya jambo halafu akalifanya kinyume, kwa mwendo wowote ule, amerudi alipokuwa, kana kwamba hakufanya kitu. Kinachomwokoa ni kwamba kuzunguka hakuna kurudi nyuma. Ukaangusha sindano mbili kwenye asali, moja imesimama na moja imelala, ile iliyolala ikachelewa karibu mara mbili. Ukasema ndiyo siri ya skurubu: kila kipande cha waya kinapinga kwenda ubavu kuliko kinavyopinga kwenda urefu, na kwa tofauti hiyo ndogo mdudu anapata pa kujisukumia.

Nikakuuliza injini yake iko wapi, maana sikuona mkia. Ukasema mikia anayo, lakini haiko nje. Imefungwa ndani, chini ya ngozi, kichwani na mkiani; ikizunguka huko ndani, mwili wote nao unageuka. Ukasema tena kwamba wadudu wenye mikia ya nje wakiingia kwenye ute mzito wengi hukwama, na hawa wetu ndipo wanapokwenda vizuri. Mimi niliyewatazama maisha yangu yote kwa ajili ya mshahara sikuwa najua hata moja katika hayo. Nilijisikia fahari, nikainuka kwenda kuangalia tangi.

Sasa mwanzo.

Kabla ya safari ile ya Sangailu, Eeddo Habiba alikuja hapa Garissa mara tatu. Hukumwona kwa sababu alifikia kwa jamaa za mumewe na wewe ulikuwa shule. Alikuja kupimwa, na aliyempima ni mimi.

Unajua desturi ya kwetu: mtu mwenye homa hapakiwi garini. Ayeeyo wako, mama yangu, alikuwa akisema joto la mwili na joto la njia havipandi gari moja. Mgonjwa hulazwa kivulini, anyweshwe supu, asubiriwe apoe, na akishapoa ndipo atafutiwe usafiri. Desturi hiyo ni ya huruma, na kwa magonjwa mengi haina ubaya. Lakini homa ya papasi huwaka siku chache, ikavunjika kwa jasho, na ikivunjika wale wadudu hutoweka kwenye damu, wasionekane au wabaki wa kuhesabu. Wiki ikipita, au zaidi kidogo, hurudi. Kwa hiyo kila mwenye homa hii aliyetoka kule alinifikia siku yake nzuri. Alifika amepoa, ameoga, na damu safi. Katika maabara hii nzima mtu pekee aliyezaliwa Sangailu ni mimi. Mwende angesamehewa, yeye ni wa Machakos. Mimi ndiye niliyeijua desturi ile, na sikumuuliza dada yangu hata mara moja, "Habiba, leo ni siku ya ngapi tangu upoe?"

Nilikuwa na jibu kabla ya kuinama. Alikuwa ameolewa mwaka ule, haelewani na mama mkwe wake, na nyumbani walisema anatafuta visababu vya kukimbia. Mara ya kwanza nikaandika hakuna. Mara ya pili nikaandika hakuna. Mara ya tatu nilimfuata pale kwenye korido, watu wamejaa kwenye benchi, nikamwambia, "Damu yako haina kitu. Ugonjwa wako ni kutotaka kurudi kwa mumeo." Wanawake wawili walicheka. Habiba alijifunika garbasaar yake vizuri, akatoka. Alikuwa na mimba ya miezi sita.

Walimrudisha Sangailu kwa neno langu. Neno la mtu wa maabara halibishiwi, aabo, hasa akiwa ni kaka.

Homa ikaja mara nyingine, na safari hii ikamtoa mtoto. Wewe uliambiwa tunakwenda kumtibu Eeddo. Ukweli ni kwamba tulikuwa tunakwenda kutoa pole. Hadubini niliichukua dakika ya mwisho, kwa sababu aliyepiga simu alisema, "Kilikuwa kimemwacha, sasa kimerudi tena vile vile." Hilo neno la kurudi lilinigonga kichwani. Lilikuwa limesemwa mara tatu mbele yangu, nami nililisikia kama malalamiko ya mwanamke.

Hapo bado ningeweza kujitetea, na nilijitetea wiki nzima. Nilijiambia homa ilikuwa imeshuka, wadudu wamejificha, hata bingwa asingewaona. Ni utetezi mzuri, uko hata vitabuni. Ungenitosha kama ningeuacha ulivyo.

Lakini sikutulia. Vioo vya damu, vile vipande tunavyopakia tone la mgonjwa, tunaviweka kwenye kisanduku kwa muda kabla ya kuvitupa. Nilitafuta vyake vitatu, vyenye mwandiko wangu, nikavitazama upya kama inavyotakiwa. Kanuni yetu inasema utazame viwanja mia, yaani sehemu mia za kioo unazoziona moja moja kwenye lenzi, kabla hujaandika hakuna. Cha kwanza kilikuwa safi. Cha tatu kilikuwa safi. Cha pili nilikaa nacho tangu baada ya Adhuhuri mpaka Alasiri inaadhiniwa, na pembeni kabisa, karibu na ukingo wa damu, alikuwepo mmoja. Amechukua rangi ya zambarau, amejikunja kama unywele ulioanguka. Alikuwepo mmoja, Ifrah, wiki kadhaa kabla mtoto hajafa. Sijui siku ile nilipokisoma mara ya kwanza nilitazama viwanja vingapi. Ishirini, pengine. Pengine havikufika.

Kioo hicho sikukitupa. Kiko kwenye droo yangu, kimefungwa karatasi, na hakuna aliyewahi kukiona ila mimi. Watu husema haraka haraka haina baraka, na mimi nimelisema hilo neno kwa vijana wengi wa mafunzo hapa, kwa sauti nzito, kana kwamba nililipata kwenye kitabu.

Miaka tisa nimekuwa nikitaka kusema. Nilikwenda Sangailu Idi mbili kwa nia hiyo, nikafika, nikafungua mdomo, nikauliza habari za mvua, nikafunga, nikarudi Garissa. Siku ile ya asali, uliponionyesha kile kimlango kinachofunguka na kufunga na kisichotoka mahali pake, mama yako alidhani nimechoka kwa sababu nilikaa chini. Nilikuwa nimejiona. Kisha nikasikia wewe ukisoma insha ile, mbele ya watu, nikajua kwamba ungeibeba mpaka nchi za watu na kuisimulia mpaka uzeeni, na kila ukiisimulia Habiba atakuwa amekaa karibu na mlango, akimimina chai kwenye kikombe kilichojaa.

Sikuandikii ili unisamehe. Hilo si lako, ingawa naogopa, wallahi naogopa, utakavyoniangalia kesho pale stendi. Nakuandikia kwa sababu unakwenda kuwa mtu wa kutazama vitu vidogo, na nimeona jinsi watu watakavyokuamini. Watakuletea kitu, utainama, utainuka, utasema, nao watapanda gari na kurudi nyumbani kwa neno lako. Nilipokuwa na umri wako sikujua kwamba hiyo ndiyo kazi.

Nilikuwa nimefika hapo, nikawa naandika mistari ya kufunga, mlango ukafunguliwa.

Habiba ameingia. Ametoka Sangailu alfajiri aje kukuaga. Nyumbani mama yako amemwambia niko huku, akamwambia dereva wa tuktuk amlete. Ana mfuko wa nyirinyiri, ile nyama kavu ya safari yako, mkononi, unanukia hadi kwenye friji ya sampuli. Aliwasalimia watu wote, akamuuliza Mwende kwa kile Kiswahili chake, "Huyu ndugu yangu naandika nini hii yote? Amekuwa karani?"

Mwende akamjibu, "Tangu saa sita, mama. Mimi hata nimeogopa kuuliza."

Nilisimama, nikakaa, nikasimama tena. Sikupanga. Nikamwambia kwa Kisomali, "Habiba, kile kioo cha pili kilikuwa na mmoja."

Hakuniuliza kioo gani. Aliweka mfuko wake juu ya benchi ambayo haturuhusu chakula, na mimi sikumkataza. Mwende alituangalia, akachukua kikombe chake akatoka. Habiba alinyoosha kidole akanionyesha mlango.

"Nilikuwa nimesimama pale, Dahir. Nilingoja rangi yako ikauke. Ulipoinama nikaanza kuhesabu Subhanallah. Sikufika thelathini na tatu, ukainuka."

Amejua tangu siku ile. Miaka yote hii nimekuwa nikimficha kitu ambacho alikiona kwa macho yake kabla yangu. Nikamuuliza kwa nini hakusema, hata mara moja, hata kwa hasira.

"Ungefanya nini? Ungelia, na mimi ningekubembeleza. Sikuwa na nguvu ya kubembeleza mtu."

Nililia vilevile, aabo, na hakunibembeleza. Alisubiri nimalize. Halafu akaniambia kwamba mtoto alikuwa msichana na alimpa jina, na kwamba katika jamaa zetu wote waliokuja kutoa pole hakuna aliyemuuliza jina hilo, wala mimi. Anaitwa Sagal. Angekuwa darasa la tatu au la nne sasa. Habiba analitaja kila Ijumaa peke yake.

Kisha akauliza kioo kiko wapi. Nikafungua droo. Hakukishika, alikitazama tu kwenye karatasi yake, doa dogo ambalo mtu mwingine angelifuta kwa kitambaa. Akasema anataka kumwona yule mmoja. Nikavuta kiti, nikawasha hadubini, nikaweka tone la mafuta, nikamtafuta mpaka nikamweka katikati ya picha. Akanizuia. "Si wewe," alisema. "Ifrah anionyeshe."

Kwa hiyo nimekaa namalizia, naye amesimama juu ya kichwa changu, anasema nifanye haraka, halafu anasema hapana, usifanye haraka. Ndiye anayekuletea barua hii kwa mkono wake. Isome mbele yake. Kule unakokwenda, wakikuuliza tena ulianzaje, anza na vile vioo vitatu, na utaje jina la Sagal. Mama yake amekubali, nimemuuliza.

Rudi naye kabla ya Magharibi, sanduku lako halikimbii. Kioo kiko chini ya hadubini. Nilikuwa nimemweka yule mmoja katikati ya picha, lakini Habiba amenitaka nikisogeze hadi mwanzo wa ukingo, ili umtafute mwenyewe, kiwanja baada ya kiwanja. Kaa kadiri unavyotaka. Ukimpata, mwachie Eeddo kiti.

Mimi nitakuwa nimesimama pale mlangoni, mahali aliposimama yeye, nangoja majibu.

Aabo wako,
Dahir